Sekenke, mahame yenye wenyewe

Ukimwambia mtu wa Dodoma kwamba mwishoni mwa wiki unakwenda kuangalia mgodi wa zamani wa Mjerumani, haulizi kuna nini huko. Anauliza kama una ramani. Fundi wangu wa gari aliniuliza hivyo. Jirani yangu, mtumishi wa serikali mwenye shahada mbili, aliniuliza hivyo hivyo, tena kwa kunong'ona baada ya kurudishia mlango. Habari ya hazina ya Mjerumani imeota mizizi Kanda ya Kati yote. Kuanzia Kilimatinde hadi Mkalama, popote penye boma la zamani, hukosi mtu wa kukusimulia masanduku yaliyofukiwa chini ya mbuyu, rupia zenye nguvu za ajabu, na mzungu mzee aliyerudi na karatasi ya babu yake akakuta wajanja wameshatangulia. Na nyuma ya kila simulizi yupo kijana aliyeuza mbuzi akamlipa "mtaalamu", akaishia kumiliki shimo tupu.

Sina ramani, na Sekenke haihitaji. Dhahabu yake haikufichwa na mtu. Nyingine bado imo mwambani, nyingine imo kwenye vilima vya mchanga wa kijivu uliomwagwa nje na waliotangulia, na nyingine ilitoka zamani ikawa sarafu ambazo leo zinapigwa mnada Ulaya. Nilichokifuata mimi ni mji. Nilitaka kuona mji wa mgodi unakuwaje baada ya mgodi wenyewe kwisha.

Kanda yetu haina uhaba wa mahame. Iko Kongwa, ambako Mwingereza alimwaga mamilioni ya pauni mwaka 1947 ili alime karanga, na kufikia 1951 mradi ukawa umekwisha. Lakini ile ni habari ya matrekta na ukame, si ya migodi. Iko Londoni, upande wa Manyoni, palipofumka dhahabu mwaka 2004 na watu wakamiminika kutoka kila pembe ya nchi. Iko Winza, wilayani Mpwapwa, palipoonekana rubi mwishoni mwa 2007, na mwaka uliofuata maelfu ya wachimbaji wakawa porini na wanunuzi wa kutoka Thailand na Sri Lanka wanawasubiri. Hizo ni kambi za turubai na mabati. Mshipa ukikata, watu wanakunja turubai, wanafunga magodoro kwenye Fuso, wanaondoka, na kinachobaki ni chupa na mashimo. Sekenke ni hadithi nyingine. Hapa palikuwa na kampuni, na kampuni ikishaweka zege, hata ikiondoka zege linabaki.

Pako wilaya ya Iramba, mkoani Singida, kando ya barabara kuu iendayo Igunga na Nzega. Abiria wengi wa Dar kwenda Mwanza wamepita hapo wakiwa usingizini. Madereva wa malori wa zamani hawakuwa na anasa hiyo. Kabla ya lami, mteremko wa Sekenke ulikuwa jina la kumfanya utingo ashuke na kigogo mkononi, atembee nyuma ya gari tayari kukitia chini ya tairi breki zikigoma. Siku hizi ni kona chache safi na kibao cha kupunguza mwendo.

Kutoka Dodoma unaanza na Bahi na majaruba yake ya mpunga, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuingia Manyoni, kisha Issuna, Ikungi, Puma, hadi Singida mjini penye majabali yaliyokaa juu ya mengine bila sababu ya kueleweka. Tulinunua vitunguu kwa kuwa haiwezekani kupita Singida bila kununua vitunguu. Baada ya hapo Iguguno, Misigiri, halafu ardhi inakatika ghafla na chini yako unaiona mbuga ya Wembere, tambarare ya udongo mweusi isiyo na mwisho. Maji yake yanaelekea ziwa Kitangiri, kisha yanashuka na mto Sibiti hadi ziwa Eyasi. Hayafiki bahari yoyote. Niliwaza pale juu kwamba hata mvua ya huku haitoki, ila dhahabu imetoka.

Mwamba wa Sekenke ni sehemu ya mkanda ambao wanajiolojia wanauita Iramba–Sekenke, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, wa ukoo mmoja na mawe ya Geita na kanda ya ziwa Viktoria. Dhahabu imekaa ndani ya mishipa ya kwazi, lile jiwe jeupe ambalo mchimbaji halitazami mara mbili likiwa safi kama sukari. Analotaka yeye ni lile lenye kutu, lenye rangi ya chai ya maziwa, lililooza kidogo. Kuoza huko kuna maana, nitaieleza mbele.

Mjerumani alipopata habari ya mawe haya, hakukawia. Mwaka 1909 uchimbaji ukaanza, na huo ndio ukawa mgodi wa kwanza wa dhahabu nchini. Ukiweka tarehe hiyo kando ya tarehe za reli utashika kichwa. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912. Kwa hiyo mgodi unaanza, reli bado haijavuka Ugogo. Mitambo ya kutwanga mawe, mabomba, maboila, magurudumu ya chuma, vyote vilifika kwa nchi kavu, kwa kukokotwa na kwa mabega ya watu. Wenye mgodi wametajwa kwenye vitabu. Wenye mabega sijakutana nao kwenye ukurasa wowote.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na hapo ndipo Sekenke inaingia kwenye historia ya pesa. Manowari za Uingereza zilifunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ya kikoloni ikaanza kuchapisha noti za dharura, nyingine hafifu hivi kwamba ungedhani ni risiti ya duka la rejareja. Askari na wapagazi walikuwa na akili zao: karatasi ya serikali inayokimbia ni karatasi tu. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli huko Tabora, mafundi wakageuza mashine za treni kuwa mashine za kupigia sarafu. Walipiga sarafu ndogo, za heller 5 na heller 20, kwa shaba waliyoiokoteza, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Na walipiga moja ya dhahabu, ya rupia 15, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke.

Upande mmoja ina tai wa Kaizari. Upande wa pili yuko tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na chini mwaka na herufi T ya Tabora. Ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ndiyo dhahabu. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000. Nimepiga hesabu: zote pamoja zina dhahabu tupu kama kilo 86 hivi, mzigo ambao Noah moja inaubeba na abiria juu. Septemba ya mwaka huo huo Wabelgiji wakaitwaa Tabora, na Mjerumani akaondoka na tai wake. Tembo alibaki kwa watoza sarafu, wanaomwita Tembo wa Tabora. Sekenke haitajwi kwenye jina lake.

Tulianzia ofisi ya kijiji, kama inavyotakiwa. Unaandika jina kwenye kitabu cha wageni, unaeleza shida yako, unaeleza tena kwa mwingine aliyechelewa kuingia, kisha mnapiga soga kidogo kuhusu mvua. Wakatupa mwenyeji, mzee mwenye kofia ya pama na bakora, ambaye baba yake alifanya kazi mgodini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja na ramani?"

Nikamwambia nimekuja na vitunguu. Akacheka hadi akashika magoti, na tangu hapo tukawa ndugu.

Nisikudanganye: ukitarajia mji kama wa kwenye picha, wenye nyumba zilizosimama milango wazi na mapazia yanapepea, utarudi na hasira. Kilichopo ni misingi. Unatembea kwenye nyasi kavu na miti ya miiba, mara mguu unagonga ukingo wa zege, unagundua umesimama ndani ya chumba cha mtu. Hapa sakafu, pale ngazi tatu zinazopanda kwenda hewani. Mabati yaliondoka kwanza, mzee alisema, halafu mbao, halafu matofali, na mwisho chuma. Vyuma chakavu vimekula kilichoachwa na kampuni zote. Kwenye msingi mmoja mkubwa, ambao mzee alisema ulibeba mtambo wa kutwangia mawe, bolti nene za kushikia mashine zilikuwa zimekatwa kwa msumeno hadi usawa wa zege. Niliinama kuangalia. Mikato mingine ilikuwa imeshika kutu nyeusi ya miaka, na miwili bado inang'aa. Kuna mtu alikuwa hapo na msumeno si muda mrefu, kwa ajili ya kipande cha chuma kisichozidi uzito wa jembe.

Juu ya msingi huo huo, mama mmoja alikuwa ameanika mlenda. Zege limesakafiwa vizuri, halina vumbi, mbuzi hawapandi kwa urahisi, na jua linalipiga tangu asubuhi. Alikuja kuugeuza wakati tuko pale, akatusalimia, akamuuliza mzee kwa Kinyiramba sisi ni akina nani, akaendelea na kazi yake. Nilimuuliza kama anajua palikuwa na nini hapo. "Si palikuwa pa mashine," alisema, kwa namna ya mtu anayeulizwa kama anajua jua linatokea wapi. "Sasa ni pangu."

Nimekutana na maandishi mengi ya wasafiri kuhusu miji ya migodi iliyokufa, ya Namibia na Marekani hasa, na karibu yote yana ugonjwa mmoja: mwandishi anasubiri mtu atoke kwenye fremu ndipo apige picha. Nilikuwa na simu mkononi na nilijikuta nangoja yule mama asogee. Mwenzangu, ambaye ni mpigapicha wa harusi na hana subira na mambo ya huzuni ya kutengeneza, akamwomba mama ruhusa akampiga na mlenda wake. Ndiyo picha pekee ya siku ile inayofaa.

Mzee alitutembeza mahali palipokuwa na kambi. Kwenye migodi ya enzi ile makazi yalipangwa kwa daraja: wazungu juu ya kilima penye upepo, makarani na mafundi katikati, vibarua chini karibu na kelele. Hapo pia, alisema, ilikuwa hivyo. Baba yake alikuwa wa chini, kazi yake kuni za boila. Posho ilitolewa unga na chumvi kwa kupimiwa. Alikumbuka kengele kuliko kitu kingine chochote. Kengele ya kuingia, kengele ya kutoka, na kwamba baada ya kampuni kuondoka baba yake aliendelea kuamka saa ile ile, anakaa nje kwenye kigoda, hana pa kwenda.

Mgodi ulikufaje? Mtu wa kwanza kumuuliza alisema dhahabu iliisha. Wa pili alisema wenye mgodi waligombana na mizimu ya mlima. Mzee alisema "maji na hesabu," na nadhani amewashinda wote.

Hesabu ni hii. Baada ya vita Mwingereza alichukua nchi, na Sekenke ikaendelea kwa vipindi chini ya mikono tofauti. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 kwa aunsi hadi dola 35, na Tanganyika nzima ikashikwa na homa: Lupa huko Chunya, Musoma, Geita. Huku kwetu hata reli ya tawi ilijengwa miaka ile, kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Lakini bei ikaganda pale pale, dola 35, hadi 1971, wakati kuni, vipuri na mishahara vikipanda kila mwaka. Mgodi mdogo wenye mishipa myembamba hauwezi mchezo huo. Sekenke ikazimika miaka ya 1950. Geita, uliokuwa mgodi mkubwa kuliko yote nchini, nao ukafungwa 1966. Reli ya Kinyangiri ilikuwa imeshang'olewa zamani. Watu wa Singida walikaa miongo mingi wakisubiri treni irudi hata kufika mjini tu.

Na maji. Juu karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa zimeshauozesha mwamba kwa maelfu ya miaka. Madini ya salfa yamegeuka kutu, na dhahabu imebaki huru. Unatwanga, unaosha, unaiona. Ukishuka chini ya usawa wa maji mambo yanabadilika. Jiwe ni gumu, lina rangi ya kijivu, na dhahabu imefungiwa ndani ya salfaidi, yaani yale madini ya salfa ambayo hayajaoza, haitoki kwa karai wala kwa maombi. Zaidi ya hapo, shimo la chini linaishi kwa pampu. Pampu ikizimwa, kila kilichopo chini kinazama, zikiwemo ngazi na reli za vibehewa. Ndiyo maana kampuni ikiondoka, chini hakurudiki kirahisi. Anayebaki anachimba juu.

Na waliobaki ni wengi. Hili ndilo jambo ambalo sikulitegemea kwa ukubwa wake, ingawa nilikuwa nimesikia. Ukitoka kwenye misingi ya kambi ukapanda kidogo, unaanza kusikia injini za dizeli, na kabla hujaona kitu unaona vumbi. Maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yamejipanga kando ya mshipa, kila moja na kibanda chake cha nyasi au turubai, winchi ya mbao mdomoni, matimba, yale magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, yameshuka kuta za shimo kama unavyoyaona kwenye mgodi wowote wa wachimbaji wadogo nchini. Kuna mwenye leseni, kuna wenye maduara, kuna wachimbaji, na mgao unapigwa kwa viroba vya mawe. Kuna mama lishe, fundi viatu, kibanda cha kuchaji simu, na kijana anayeuza maji kwa dumu kwa bei ambayo Dodoma ingeleta maandamano.

Chini kidogo ndipo kuna mialo, yaani mahali pa kusagia na kuoshea mawe. Karasha, mashine za kusaga, zinanguruma, unga unachanganywa na maji, unapitishwa juu ya ubao uliotandikwa mablanketi, kilicho kizito kinanasa. Blanketi linakung'utwa ndani ya beseni, zebaki inamwagwa, mtu anasugua kwa mkono mtupu. Kisha kinachobaki kinakamuliwa kwenye kitambaa na kuchomwa. Mchomaji aliyekuwa pale alikaa upande wa juu wa upepo na kututaka tusogee alipo, na hilo lilinifurahisha kwa sababu moshi wa zebaki hauonekani na unaharibu mishipa ya fahamu polepole. Ila jiko lake lilikuwa hatua chache kutoka kwenye sufuria za chakula. Alipomaliza alinionyesha kiganjani: kitu cha ukubwa wa punje ya mtama, cha rangi ya njano iliyofifia. Kazi ya watu wanne, tangu juzi.

Marudio, yaani mchanga ambao umeshaoshwa, hautupwi. Unauzwa kwa wenye vati, yale matangi makubwa, wanaoumwagia maji ya sayanaidi, kisha dhahabu inanaswa kwenye kaboni na kupelekwa kuyeyushwa kwenye mitambo maalumu. Kwa njia hiyo mabaki ya zamani nayo yamekuwa mali. Mitambo ya zamani iliacha sehemu ya dhahabu kwenye uchafu wake, kwa bei ya dola 35 haikuwa na maana kuisumbukia. Mwaka 2020 aunsi ilivuka dola 2,000. Vilima ambavyo zamani vilikuwa takataka leo vina mipaka, walinzi na kesi. Ndiyo hazina ya Mjerumani, ukitaka, na imekaa hadharani, kila mtu anaiona.

Nilimtoa Tembo wa Tabora kwenye simu, picha niliyoihifadhi kabla ya safari, nikaionyesha mwaloni. Vijana wakajaa. Nilitegemea maswali ya historia. La kwanza lilikuwa: "Gramu ngapi, mkuu?"

"Saba nukta moja sita nane."

"Usafi?"

"Sabini na tano kwa mia."

Yule mchomaji hakuhitaji kikokotoo. "Gramu tano na pointi. Karati kumi na nane hiyo, ya pete ya harusi. Wamechakachua." Wakacheka. Mwingine, mdogo kuliko wote, akaikuza picha kwa vidole viwili akamtazama tembo kwa muda, akauliza inauzwa bei gani sasa. Nilipomwambia kwamba mnadani hupita mbali sana bei ya dhahabu iliyomo, kwa sababu ya historia yake, alirudisha simu akasema: "Kwa hiyo historia ndiyo yenye gramu nyingi. Na sisi hatukupewa mgao."

Sikuona popote kibao kinachosema mgodi wa kwanza wa dhahabu nchini ulikuwa hapa. Singida inauza asali, alizeti, kuku wa kienyeji na flamingo wa ziwa Singidani, na vyote vinastahili. Lakini mkoa wenye sarafu ya dhahabu kwenye ukoo wake ungeweza hata kuichora kwenye ukuta wa stendi. Sizungumzii makumbusho ya mabilioni. Ubao mmoja wa chuma, ingawa chuma, kwa nilichokiona, kisingemaliza mwezi. Basi wa zege.

Na kwa upande mwingine naelewa kwa nini hakuna haraka. Kibao cha kumbukumbu huwekwa mahali ambapo jambo limekwisha. Pale mwaloni nilimuuliza mzee kama anasikitika kuona kambi ya utotoni mwake imebaki misingi. Alinitazama kama nimemuuliza kama anasikitika kwamba chifu wa Kaizari hayupo. Kambi, alisema, haikuwa yetu hata siku moja. Ulikuwa unalala humo kwa kuwa unafanya kazi. Ukifukuzwa kazi asubuhi, jioni vyombo viko nje. Sasa wajukuu zake wawili wana hisa kwenye duara. Mmoja amejenga nyumba ya bati Shelui. Mwingine anakohoa, na hapo mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema amempeleka hospitali mara mbili wakisema ni TB na mara ya tatu wakasema ni vumbi la mawe.

Vumbi la kwazi halitibiki. Linaweza kuzuilika, kwa kuchimba na kusaga mawe yakiwa yamelowa na kwa barakoa inayostahili jina hilo, siyo kitambaa cha kanga. Sikuona nyingi. Maji ya kulowesha mawe ni yale yale yanayouzwa kwa dumu. Kwa hiyo ninaposema watu wamerithi mgodi, usinisikie nikiimba. Wamerithi dhahabu na wamerithi vumbi. Tofauti na zamani ni kwamba leo anayeamua kushuka shimoni masika, wakati kuta zimelowa, mara nyingi ni yeye mwenyewe na deni lake, hakuna kengele ya kumwita.

Kama unataka kwenda, ni rahisi kuliko unavyodhani. Mabasi ya Singida yapo Dodoma asubuhi yote, na kutoka Singida panda la Shelui au Igunga. Nenda kiangazi. Pita ofisi ya kijiji kwanza, chukua mwenyeji, na mlipe bila kusubiri aombe. Vaa viatu vilivyofungwa, kwa kuwa mashimo ya zamani hayana uzio na nyasi zimefunika midomo ya mengine. Usitoke kwenye njia anayopita mwenyeji wako. Usishuke duara lolote, hata ukikaribishwa kwa tabasamu. Watu watakuuliza kama wewe ni mnunuzi, na ukijibu kwa utani watakuamini, kwa hiyo usijibu kwa utani.

Na usiokote mawe. Kukutwa na madini bila kibali ni kosa kisheria, na dhahabu ina njia yake, inauzwa kwenye masoko ya madini yaliyoanzishwa kuanzia mwaka 2019, siyo kwenye mfuko wa suruali ya mgeni. Mwenzangu alikuwa ameokota kijiwe chenye kutu, kizuri tu, cha kuweka mezani. Mzee akamwomba akione, akakigeuza mara mbili juani, akakirusha juu ya lundo la mwenye duara.

"Hicho kikikutwa nawe Singida mjini," alisema, "utalala ndani, na mimi nauli ya kuja kukutoa sina. Haya, vitunguu vyangu viko wapi?"